Harufu ya Marehemu Kwenye Shati Langu

Mliniacha getini pa hospitali, kitambulisho changu cha kazi kimebaki mezani kwa msimamizi, miguu haijui ielekee wapi.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, au alilikuta limefungiwa misumari dukani, nitarudia kwa ufupi. Mimi ni mhudumu wa mochwari. Nawapokea maiti, nawasafisha, nawatunza, na ndugu zao wakija nawaonyesha. Mjane mmoja alikuja kumtambua mumewe, fundi wa lifti ambaye moyo wake ulisimama ghafla akiwa kazini. Nilipomshika mkono asianguke, akanusa shati langu. Akarudi nyuma. Akasema mbele ya ukoo mzima kwamba ile ni pafyumu ya mumewe, na kwamba nimemwibia maiti.

Msimamizi wangu hakuniuliza hata swali moja. Aliniambia niende nyumbani nikasubiri kuitwa.

Nikaenda, huku nanukia.

Sasa sikilizeni. Ile pafyumu niliinunua mwenyewe, dukani, mchana kweupe. Sikuiba, sikuokota, sikuhongwa. Na sitaki mtu aniambie kwamba ni pafyumu tu.

Ukiipuliza mara ya kwanza inakuja kahawa, chungu kidogo, kama mtu amekufungulia mkebe chini ya pua. Ukitulia kidogo inageuka sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Kufika mchana kahawa imeshaondoka, imebaki vanila na tumbaku kavu, ile ya kwenye majani, siyo ya moshi. Jioni ukivua shati, kola inanukia kama jikoni kwa mtu anayekupenda.

Kabla yake nilikuwa nanuka dawa ya kuhifadhia maiti. Dawa ile haitoki kwa sabuni. Inaingia kwenye nywele, inaingia kwenye mkate unaokula. Kazini waliniita Dawa. Nilipoanza kupaka pafyumu wakanibadilishia jina, wakaniita Keki. Nikiingia asubuhi utasikia, Keki kafika, leteni chai. Sikununa. Kati ya Dawa na Keki, chagua wewe.

Mke wangu siku ya kwanza alininusa kwa heshima zote, kisha akauliza ni nani huyo mwanamke anayeoka. Nikamwonyesha chupa. Akainusa, akaigeuza, akasema imeandikwa ya wanaume lakini harufu ni ya sherehe ya mtoto. Tukacheka. Jioni ile tulipokuwa tunatazama taarifa ya habari aliniegemea begani, jambo ambalo lilikuwa limekwisha nyumbani kwetu, na hakuna aliyekuwa amesema limekwishaje. Mjukuu wangu wa kike, aliyezoea kunisalimia akiwa mlangoni kama anamsalimia askari, sasa anapanda mapajani bila kuombwa.

Ndiyo maana nasema siyo pafyumu tu.

Sasa niliporudi nyumbani siku ile ya balaa, habari ilikuwa imeshatangulia. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, na mtu akikaa kwenye kiti cha wageni ndani ya nyumba yake ujue kuna jambo. Kaka yake alikuwa ameshapiga simu. Shemeji alisema niende kwa wafiwa nikapige magoti, yaishe. Jirani wa upande wa kulia alikuwa anasimulia kwamba sisi watu wa mochwari tunavaa nguo za maiti. Jirani wa kushoto alikuwa anasikiliza.

"Baba watoto, itupe," mke wangu akasema.

Nikamwuliza nitupe nini, pafyumu au kazi.

"Pafyumu. Ukienda huko kwenye kikao, nenda na harufu ya sabuni kama watu wengine. Wasikie kwamba umejirudi."

Nikamwambia anayejirudi ni aliyekosa. Nikienda bila pafyumu ndiyo nitakuwa nimekiri.  Akainuka, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nikakumbuka kwamba nina shahidi. Yule muuza manukato ananijua, kila nikipita ananitania. Kesho yake nikaenda dukani kwake. Alinipokea kwa bashasha, akaniuliza chupa inaendaje, akasema wanaume wanaoinunua hiyo huwa wananunua kwa aibu, wanasema ni ya mdogo wangu, ni ya rafiki yangu, mimi peke yangu ndiye niliyesimama kaunta nikasema ni yangu. Akaniwekea kiti.

Nikamweleza shida yangu. Nilipofika kwenye neno marehemu, mkono wake ukaacha kufuta chupa. Nilipofika kwenye neno hospitali, akaanza kunitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Nilipomwomba aje aseme tu kwamba niliinunua kwake, akasema wateja ni wengi, bwana, na kwa kweli hana uhakika kama amewahi kuniona.

Kiti alikuwa ameniwekea mwenyewe. Nikainuka, nikamwachia kiti chake kitupu.

Siku ya kuitwa ikafika. Nikaoga, nikavaa shati jeupe, nikanyoosha mkono juu ya kabati. Chupa haipo. Nikatafuta chini ya kitanda, nikatafuta bafuni. Mke wangu alikuwa anapiga pasi suruali ambayo haikuhitaji pasi. Sikumwuliza. Nilitafuta tu, chumba kwa chumba, mpaka nikaikuta ndani ya ndoo ya vibanio vya nguo, imefunikwa na vibanio.

Nikajipulizia mbele yake, shingoni na kifuani, kisha chupa nikaitia mfukoni.

Nilidhani atalia. Akaja, akanitengeneza kola, akakaa hivyo kidogo mikono yake ikiwa bado kwenye kola. Akasema, "Basi usije ukatetemeka. Ukishaamua kunukia, nukia."

Huyo ndiye mke wangu. Mtanisamehe kama hamumwelewi, hata mimi inanichukua muda.

Kikao kilikuwa ofisini kwa msimamizi. Chumba kidogo, feni inazunguka kwa uvivu, dirisha linatazama mahali pa kuanikia mashuka. Msimamizi kwenye kiti chake. Upande wa pili mjane, amejifunga kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Pembeni yake mdogo wa marehemu, bwana mmoja wa suti ya kijivu anayesafisha koo kabla ya kila sentensi. Hapakuwa na burudani nyingine.

Nilipoingia tu, msimamizi akavuta hewa puani.

"Nilikutumia ujumbe uje msafi," akasema.

"Mimi ni msafi, bosi. Tena nanukia."

Akafumba macho kidogo. Kisha akatoa maelezo yake marefu, kwamba hospitali haitaki makelele, kwamba familia imeumia, kwamba mimi ni mfanyakazi wa siku nyingi. Mwisho akafika alikokuwa anakwenda. Niombe radhi kwa familia, nihamishwe mochwari nipelekwe dobi nikafue mashuka, na jambo liishe hapo, pasiwe na polisi wala magazeti.

Dobi si pabaya. Ila ukihamishwa kwa sababu hiyo, kila shuka utakalofua litakuwa linakuita mwizi.

Nikasema, "Pole nitawapa hata mara elfu, maana wamefiwa. Radhi siombi. Sikuiba, na kunukia si kosa."

Bwana wa suti akasafisha koo. Akauliza mimi ni mwanaume wa namna gani, nashika maiti za watu huku nanukia peremende. Akasema huo ni mzaha. Akasema kaka yake alistahili heshima, hakustahili kuoshwa na mtu aliyejipaka vanila kama anakwenda kwenye harusi. Nilijitahidi kunyamaza. Mungu anaona nilivyojitahidi.

Nikashindwa. Nikamwambia, "Kaka yako alinukia hivihivi akitengeneza lifti. Kwani alikuwa anazifanyia mzaha lifti?"

 Msimamizi akashika paji la uso. Nikajua nimemaliza, nimejifukuzisha mwenyewe.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitarajia. Mjane alikuwa ameziba mdomo kwa mkono na mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakawa machozi kweli, na hapo katikati yakichanganyika akafungua mkoba wake akatoa chupa, akaiweka mezani.

Chupa kama yangu. Umbo lilelile, kifuniko kilekile. Imebaki nusu.

Akaeleza kwa utaratibu, akimtazama msimamizi. Wenzake marehemu walikuja nyumbani kurudisha mfuko wake wa vifaa. Aliufungua ili aone tu alichokuwa amekishika mumewe mara ya mwisho. Chini kabisa, chini ya spana, kulikuwa na chupa imeviringishwa kwenye kitambaa cha kufutia mikono. Mumewe alikuwa akijipulizia kabla ya kurudi nyumbani, asije akawaletea wanawe harufu ya grisi.

"Haikuibwa," akasema. "Nilimkosea huyu mbele ya watu, na nimekuja kusema mbele ya watu."

Shemeji yake akataka kumkatiza. Akamwinulia kiganja, na yule bwana akanyamaza bila hata kusafisha koo.

Mimi nilikuwa naitazama ile chupa. Marehemu yule nilimpokea, nikamsafisha, nikamchana nywele. Nilidhani namjua. Kumbe alikuwa anafanya nilichokuwa nafanya, anasimama mahali fulani kabla ya mlango wa nyumbani, anajifuta kazi mwilini. Nikageukia dirishani, nikatazama mashuka, maana sikutaka yule wa suti anione usoni.

Hapo mtu angedhani mambo yamenyooka. Hata mimi nilidhani.

Msimamizi akafurahi sana. Akashukuru, akasimama, akanisogezea kitambulisho changu juu ya meza, akaniambia nirudi kazini kesho. Halafu, wakati nanyoosha mkono kukichukua, akaongeza jambo dogo tu. Kuanzia kesho, pafyumu mochwari marufuku.

Nikamwuliza kwa nini, na imeshaonekana haikuibwa. Akasema imeleta matatizo. Nikamwuliza kama kunuka dawa nako kumepigwa marufuku. Akasema dawa ni kazi.

Nikamweleza kitu ambacho sikuwahi kumweleza mtu yeyote pale. Watu wanapokuja kwetu, wengine wananiangukia kifuani. Hawanijui, hawanitaki, ila ndimi niliye karibu. Siku hiyo wataikumbuka maisha yao yote, na pua inakumbuka kuliko macho. Sitaki pua zao zibaki na dawa peke yake. Kama mtu anaweza kuondoka pale akiwa na chembe ya kitu kingine, hata harufu ya sukari, sioni nani ameumia.

Msimamizi alinisikiliza, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Chagua."

Nikakitazama kitambulisho. Ile picha yangu ilipigwa miaka ya Dawa, uso umenuna. Nikakiacha palepale.

Nilikuwa nimeingia nikiwa mwizi mwenye kazi, nikatoka nikiwa mtu safi asiye na kazi. Nilitembea kwenye korido ile nikiwaza nitakavyomwambia mke wangu kwamba tumeshinda.

Nikasikia viatu nyuma yangu. Ni mjane, peke yake. Shemeji yake alikuwa amekwenda kuleta gari.

Aliniomba tusimame kando, penye benchi la wagonjwa. Akaniambia kuhusu mama mkwe wake. Bibi huyo anaishi nao. Jicho moja lilishakufa zamani, na la pili ndilo alilofanyiwa upasuaji siku chache kabla ya mwanawe kufariki. Limefungwa bandeji. Daktari kawaonya kwamba asilie kwa hali yoyote mpaka lipone, la sivyo atabaki gizani. Kwa hiyo wamemficha. Msiba waliuweka kwa yule shemeji, mazishi wamefanya, na bibi anaambiwa mwanawe kapelekwa kikazi mbali.

Lakini dawa ya jicho alikuwa anatiwa na mwanawe. Mtu mwingine akisogea anakaza uso, anafunika bandeji kwa viganja. Anasema atamngoja mwanawe. Ameanza kukataa na chakula. Jicho limeanza kuvimba.

Nikaelewa kabla hajamaliza. Nikaomba Mungu niwe nimeelewa vibaya.

"Wewe unanukia kama yeye," akasema. "Shemeji nilimpulizia ile chupa, akasafisha koo tu, mama akamjua. Ingia tu, umtie dawa. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Hutahitaji kusema kitu."

 Nikamwambia juzi alinifanya mwizi, leo anataka kunifanya mwongo, na kesho sijui atanifanya nini.

"Ndiyo," akajibu. "Nataka udanganye. Jicho likiharibika, mimi ndiye nitakayemwambia kwamba mwana hayupo, na jicho nalo halipo."

Nikamwuliza swali lililokuwa linaniwasha. Ile chupa aliiweka mezani kwa sababu ya haki yangu, au kwa sababu ananihitaji?

Aliutazama mlango wa kutokea.

"Chupa niliipata juzi," akasema. "Nilikuwa na nia ya kuja. Lakini kama ningekuja leo bila shida hii, sijui. Kwa kweli sijui."

Angeniapia ningeondoka. Ile sijui ya pili ndiyo iliyonifanya nibaki.

Nikampa masharti yangu. Sitajiita mwanawe. Sitatoa neno. Na yule mama akiniuliza mwenyewe, kwa kinywa chake, sitamdanganya. Akakubali haraka. Haraka mno, nikikumbuka sasa.

Nyumba yao ilikuwa na kimya cha kutengenezwa. Redio imechomolewa. Picha ya marehemu ipo ukutani kama kawaida, viatu vyake vipo mlangoni kama kawaida, wala mtu asingejua. Mjane akanionyesha mlango wa mwisho. Akanong'ona kwamba mumewe alikuwa anabisha mara mbili, anaingia bila kungoja.

Nikatoa chupa yangu mfukoni, nikajipulizia tena, shingoni na kwenye viganja. Mkono ulinitetemeka, na mke wangu alikuwa amenikataza kutetemeka.

Nikabisha. Nikaingia.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Kitanda kimesogezwa ukutani, meza ndogo pembeni, juu yake chupa ya dawa, pamba, na chanuo. Bibi mmoja mwembamba ameketi juu ya mito, bandeji nyeupe usoni. Kabla sijafika alinyanyua kidevu, akavuta hewa.

"Umekuja," akasema.

Sikujibu. Mjane nyuma yangu akasema, mama, dawa. Na yule bibi aliyekuwa anakaza uso kwa kila mtu akalaza kichwa nyuma kwenye mto, akaachia viganja vyake vikalala juu ya shuka, vimefunguka.

Niliivua bandeji kuanzia upande wa pua, polepole. Kope zilikuwa zimegandana. Nikazifuta kwa pamba yenye maji. Jicho likafunguka, jekundu, limevimba, likatazama juu kwenye dari. Nikadondosha dawa. Akavuta pumzi, hakulalamika. Nikalifunika tena kwa bandeji safi. Kama aliona kitu, aliona kivuli.

Mjane alitoa pumzi aliyokuwa ameishika tangu hospitali. Akamwuliza mama kama sasa atakula. Mama akaitikia. Mjane akatoka mbio kama msichana, nikasikia sahani zinagongana huko jikoni.

Nikainuka niondoke. Nilikuwa nimemaliza. Sikuwa nimesema uongo hata mmoja.

Mkono wangu ukakamatwa.

Hakukamata kwa nguvu. Aliugeuza, akapitisha dole gumba katikati ya kiganja, akaja kwenye vidole, kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Nilikaa. Sikuwa na namna.

"Pafyumu ni yake," akasema, taratibu kama anasimulia jambo la mtu mwingine. "Mikono siyo. Mikono ya mwanangu ni msasa. Hii imekaa sana kwenye maji."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mawili. Kama angeniuliza mimi ni nani, ningemwambia ni mtu niliyeombwa nimtie dawa, na huo si uongo. Kama angeniuliza mwanawe yuko wapi, ningemwita mjane, nikamwachia mzigo wake aubebe mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nayafanyia mazoezi majibu hayo.

Hakuuliza hata moja.

"Umenishika vizuri, baba," akasema. "Umezoea kushika watu. Unafanya kazi gani?"

Mlangoni mjane alikuwa amesimama na sahani. Alikuwa amesikia. Akanitikisia kichwa, hapana, hapana, midomo yake ikiniomba bila sauti.

Kazi yangu nimeitaja kwa wakwe siku ya kuposa. Nimeitaja kwa wenye nyumba walionifungia milango, kwa walimu wa wanangu, kwa watu waliovuta mkono wao baada ya kuusikia. Sijawahi kuimung'unya. Asubuhi ileile nilikuwa nimekataa kuionea haya mbele ya bosi wangu, mpaka nikaipoteza.

Bibi alikuwa anangoja. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu, na chini ya bandeji safi niliona unyevu umeanza kuchora duara dogo. Inaweza kuwa ni dawa.

Nikafungua mdomo.